Kasha la nyumbani: jinsi ya kuhifadhi miswada, picha na kaseti za jamii ndogo za pwani

Ukiwatafuta Wabajuni wa mpakani mwa Kenya na Somalia, Wabarawa wa Somalia au watu wa Siu kisiwani Pate katika nyaraka za serikali utawakuta, ila utawakuta wakisemwa na wengine: afisa wa wilaya, karani wa kodi, mmishonari. Waliyoyasema wenyewe yamelala kwingine. Yamo ndani ya kasha chini ya kitanda, kwenye kidaka cha ukutani, au katika mfuko wa plastiki juu ya kabati: misahafu, tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hati za mashamba, barua, picha za studio, kaseti za maulidi na vugo (ngoma ya wanawake ya harusini), na kaseti za salamu zilizotumwa kutoka Maskati au Dubai. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzihifadhi akiwa na vifaa vichache, awe kijana wa mtaa, mwalimu wa madrasa au mkutubi.

Wengi huanza kwa kutafuta skana. Hapo ndipo kazi inapokwenda kombo. Karatasi ya miaka 150 inaweza kungoja miezi 6 zaidi. Bibi wa miaka 86 anayejua hati ile ni ya shamba gani hangojeki. Kwa hiyo mfuatano tunaoushikilia ni huu: idhini, maelezo ya wenyewe, usafi na makazi salama, na nakala za kidijitali mwisho.

Idhini, na iandikwe

Kasha la familia mara chache huwa la mtu mmoja. Anayeshika ufunguo ni bibi, lakini hati ni za ndugu watano waliotawanyika Mombasa, Jedda na London. Omba kikao kabla ya kufungua, hata kama wengine watahudhuria kwa simu, na hakikisha wanawake wa nyumba wamo. Tenzi nyingi zilinakiliwa na kutunzwa na wanawake. Ukiishia barazani na wanaume, utaondoka na orodha ya misahafu na hati za ardhi, na daftari za nyimbo za harusi utaziacha ndani.

Maneno ya kuombea yawe mepesi: «Shikamoo bibi. Tunaomba kuziona karatasi hizi na kuzipiga picha hapa hapa mbele yako. Hakuna itakayotoka nyumbani. Ukisema basi, tunaacha.»

Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasizidi ukurasa 1, yasomwe kwa sauti mbele ya wote. Yaseme asili inabaki wapi, nakala zitakaa wapi, nani ataruhusiwa kuziona, nani anaweza kuchapisha, na familia ikibadili nia imwambie nani. Yaseme pia nani atazungumza kwa niaba ya mwenye ufunguo akifariki. Kifungu hiki cha mwisho husahauliwa sana, na ndicho kinacholeta ugomvi. Ukiwa Kenya, soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ile ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ya 2016. Ukiwa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sauti na picha ya mtu ni taarifa zake binafsi.

Asili zibaki nyumbani kila inapowezekana. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zinazojulikana, za Kilwa za mwaka 1711, ziko Goa, India, katika nyaraka zilizoachwa na Wareno. Miswada mingi iliyoandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma, mshairi na mnakili wa Lamu, iko London na Hamburg. Imetunzwa vizuri huko, lakini mtoto wa Lamu hawezi kuingia tu akaiona. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipita njia nyingine: ilipigwa picha kwa ufadhili wa mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, na asili zikabaki Lamu. Njia hiyo ndiyo ya kuigwa.

Kasha kabla ya kulivuruga

Mpangilio wa vitu ndani ya kasha ni ushahidi. Risiti ya jahazi iliyochomekwa katikati ya utenzi inaweza kuwa ndiyo dalili pekee ya mwaka ambao utenzi ule ulikuwa ukisomwa. Ukiitoa na kuitia kwenye bahasha ya «risiti», umeikata ulimi.

Piga picha kasha likiwa limefungwa, kisha likiwa wazi, kutoka juu, rula ya sentimita 30 ikiwa kando. Toa tabaka moja moja, na kila tabaka lipigwe picha kabla ya kuguswa. Tandika meza kwa bafta iliyofuliwa mara 2 bila sabuni ili wanga wa dukani utoke, na ulaze vitu juu yake kwa utaratibu ule ule uliovikuta.

Kila kipande kipewe namba kwa penseli laini ya 2B, kona ya chini upande wa nyuma, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino hupenya karatasi na haifutiki. Namba iwe fupi na isitaje jina la familia: SIU-03-02-014 ni mji, nyumba ya 3, kasha la 2, kipande cha 14. Orodha ya nyumba na majina yake ikae kwenye daftari jingine, mbali na picha.

Kitabu cha herufi za Kiarabu huanzia kulia, na kurasa zihesabiwe kutoka kulia. Hili linaonekana dogo, lakini kuna makusanyo mazima yaliyopigwa picha kinyumenyume kwa sababu mpiga picha hakujua kusoma herufi hizo. Kama jalada limeachia na kurasa zimechanganyika, angalia chini ya ukurasa, upande wa kushoto: waandishi wengi waliweka pale neno dogo, nalo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Fuata maneno hayo na kitabu kitajipanga.

Pini, klipu zenye kutu na mipira ya kufungia zitoke. Miguu ya pini ya stepla iinue kwa kisu butu cha siagi, mmoja mmoja, kutoka nyuma, usiikwanyue. Selotepu ya zamani iache kama ilivyo. Ukiibandua, inaondoka na maandishi.

Na mikono? Kwa karatasi, mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa ni bora kuliko glavu za pamba. Glavu huua hisia za vidole, na karatasi iliyokauka hupasuka kabla hujajua umeivuta. Glavu za naitrili ni za picha na negativu, maana mafuta ya vidole hula uso wa picha.

Maelezo ya wenyewe

Hapa ndipo muda mwingi utumike. Sababu moja ya kitaalamu inatosha kuonyesha kwa nini. Katika uandishi wa zamani wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi ya b ilisimama mahali pa b, p na mb. Alama moja ilibeba i na e, nyingine ikabeba u na o. Kwa mtindo huo «bibi» na «pembe» zinaweza kuandikwa sawasawa kabisa. Anayeisoma ipasavyo ni yule aliyeusikia utenzi ukisomwa tangu utoto. Picha safi kuliko zote duniani haikupi sauti hiyo. Kwa hiyo kila utenzi unaokutana nao, mwombe mjuzi wa nyumba ausome kwa sauti, beti kwa beti, na umrekodi.

Kikao kisipite saa 1. Mzee akichoka huanza kukubali kila unalosema. Tumia kinasa sauti kinachotoa WAV (faili ya sauti isiyobanwa) ya kilohezi 48 na biti 24. Maikrofoni iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili isichukue mtetemo wa meza. Zima pangaboi na friji, na jua saa za adhana ili usimkate msemaji. Anza kwa kutaja tarehe, mahali, waliopo na namba ya kasha. Kila unapoinua karatasi, sema namba yake kwa sauti: «Hii ni kipande cha 14.» Bila hivyo, miaka 5 baadaye utakuwa na sauti inayosema «na hii alipewa babu na yule bwana» na hakuna atakayejua «hii» ni ipi.

Kwa picha usiishie kwenye «huyu ni nani?» Uliza majina kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Uliza nani alipiga, nguo zile ni za shughuli gani, nyumba ile sasa ni ya nani, na nani alipaswa kuwepo lakini hayupo. Swali hilo la mwisho ndilo linaloleta habari za waliohama, walioachika, waliozama baharini. Wabajuni wengi waliacha vijiji vyao vya bara wakati wa vita vya Shifta kaskazini mashariki mwa Kenya katika miaka ya 1960, na kwa baadhi ya vijiji hivyo picha ya harusi yenye kibanda nyuma yake inaweza kuwa kumbukumbu pekee ya nyumba zilivyojengwa.

Ukinukuu, usisahihishe. Mtu wa Lamu akisema «mato», «ndia» na «nti», andika hivyo hivyo. Tafsiri ya «macho», «njia» na «nchi» iende kwenye safu ya pembeni. Kosa kubwa la makarani wenye nia njema ni kugeuza kila kitu kuwa Kiswahili sanifu. Kwa kufanya hivyo wanafuta kile kile walichokuja kukihifadhi. Chimwiini, Kiswahili cha Barawa, kinastahili uangalifu wa ziada, maana wasemaji wake wengi walitawanyika baada ya vita vya Somalia vya 1991, na watakaoweza kukusahihisha huenda hawapo tena mtaani. Lugha nazo zipewe alama zake za kimataifa katika orodha: swh kwa Kiswahili, dal kwa Kidahalo, bob kwa Kiaweer cha Waboni, ili mtafutaji wa mbali azipate bila kubahatisha tahajia.

Tarehe zina mtego wake. Andika tarehe kama ilivyo kwenye hati, kisha pembeni uweke ya Miladia. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Kwa makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Jibu linaweza kukosea kwa mwaka 1, kwa hiyo tarehe muhimu itafutwe kwenye jedwali. Mfunguo Mosi ni Shawwali, mwezi unaofuata Ramadhani. Karani asiyejua huuandika Januari, na Mfunguo Tatu, ambao ni mwezi wa Hija, akauandika Machi.

Majina pia: mtu mmoja anaweza kuwa na jina la baba na babu, jina la ukoo, lakabu na jina la nyumbani. Yaandike yote. Usiunganishe watu wawili kwa sababu majina yanafanana, na usitenganishe mmoja kwa sababu tahajia zinatofautiana, mpaka mwenye nyumba aseme.

Kuna jambo zito hapa. Hati za pwani zina watumwa ndani yake, wametajwa kwa jina moja tu au hawakutajwa kwa jina kabisa: katika mirathi, katika mauzo ya shamba, katika hati za uhuru. Hawa ndio waliosahauliwa ndani ya waliosahauliwa. Jina lolote linaloonekana liingie kwenye orodha kwa hadhi ile ile anayopewa mwenye shamba. Wakati huo huo, wajukuu wao wanaishi mtaani, na hakuna anayestahili kujua habari ya ukoo wake kwenye simu ya jirani. Liingize jina, na ukurasa ufungiwe mpaka wahusika waseme.

Vumbi, unyevu na wadudu

Kwenye visiwa, unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na ukungu huanza kuota ukikaa juu ya asilimia 65. Nunua kipima unyevu cha dijitali, uandike namba asubuhi na jioni kwa wiki 2 kabla ya kuamua kasha likae wapi. Kuta za nje za mawe na chokaa hunyonya maji ya mvua za masika; chumba cha ndani kisichopakana na nje ni bora, hata kama kina joto kidogo. Rafu iwe sentimita 15 juu ya sakafu na 10 kutoka ukutani, ili hewa ipite na njia za mchwa zionekane mapema.

Kuanika karatasi juani ni desturi ya nyumba nyingi. Iacheni. Jua hufifisha wino mwekundu wa vichwa vya habari na kukausha karatasi mpaka inavunjika kwenye mikunjo. Kivuli chenye upepo, karatasi zikiwa zimetandazwa juu ya bafta, ndicho kinachofaa, hasa msimu wa kaskazi.

Ukiona ukungu, vaa barakoa ya N95 na ufanye kazi nje, upepo ukitoka nyuma yako. Ngoja ukungu ukauke uwe unga ndipo uupanguse. Ukungu mbichi ukiguswa huingia ndani ya nyuzi za karatasi. Brashi ya kunyolea yenye nywele laini inatosha; piga kutoka katikati kwenda ukingoni, ukishikilia karatasi kwa mkono wa pili. Usitumie maji hata kidogo. Wino wa masizi huchuruzika, na wino wa chuma ukiloa hueneza asidi yake kwenye karatasi nzima. Huo utautambua kwa rangi ya kahawia na vitobo pale kalamu ilipokaza.

Vitabu vilivyobunguliwa, ukavitikisa ukaona unga mpya ukianguka, vina wadudu hai. Tia kila kitabu ndani ya mifuko 2 ya plastiki, toa hewa, funga kwa utepe, kisha uweke kwenye friza ya nyumbani kwa siku 14 mfululizo. Ukitoa, usifungue mfuko kabla ya saa 24. Ukiufungua mapema, mvuke wa hewa ya joto utageuka matone juu ya karatasi baridi. Picha za vioo zisigandishwe kamwe. Naftalini, dawa za kupuliza na mafuta ya taa yaacheni: huacha madoa na hudhuru atakayesoma. Majani ya mwarobaini yanaweza kukaa ndani ya kifuko cha kitambaa pembeni mwa kasha, ila yasilale katikati ya kurasa, maana hutia rangi.

Makazi mapya

Kila hati ikae ndani ya karatasi iliyokunjwa isiyo na asidi. Ukikosa ya makumbusho, karatasi nyingi za kisasa za fotokopi zinafaa, lakini zipime kwa kalamu ya kupimia asidi: mstari ukigeuka zambarau ni salama, ukibaki njano rudisha dukani. Folda izidi hati kwa milimita 3 hivi kila upande. Funga kwa utepe wa pamba, fundo likiwa ukingoni.

Watu hushangaa wakiambiwa kwamba daftari la shule la 1965 linaweza kuhitaji msaada wa haraka kuliko msahafu wa karne ya 19. Misahafu ya zamani iliandikwa kwa karatasi za matambara, nyingine kutoka Italia zenye alama ya hilali tatu inayoonekana ukiishika mbele ya mwanga. Karatasi hizo zina nguvu. Daftari la shule ni la mbao zilizosagwa, lina asidi ndani yake lenyewe, linageuka kahawia na kumeguka kama biskuti. Panga zamu ya kazi kwa udhaifu, umri uje baadaye.

Masanduku ya plastiki yenye mfuniko wa kubana huzuia wadudu na mafuriko, lakini yanafunga pia unyevu uliokwisha kuingia kwenye karatasi. Karatasi zikauke kwanza, kipima unyevu kikae ndani, na kwa sanduku la lita 50 weka silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) kilo 1 ndani ya mfuko wa bafta. Aina inayobadilika rangi kutoka chungwa kwenda kijani hukuonyesha wakati wa kuikausha tena: saa chache kwenye oveni ya nyuzi 120. Ndani ya sanduku lenga asilimia 45 hadi 55. Ikishuka chini ya 30, karatasi huanza kukakamaa.

Laminesheni ni marufuku. Joto lake linapika karatasi, plastiki inashikana na wino, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha hati ilivyokuwa.

Picha zilizo kwenye albamu za kurasa zenye gundi zipigwe picha ukurasa mzima kwanza, pamoja na maandishi ya pembeni. Zikikataa kubanduka, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole. Zikikataa bado, ziacheni. Nyuma ya kila picha inayobanduka kuna kazi ya pili: mhuri wa studio, tarehe, salamu. Nao upigwe picha.

Kupiga picha kurasa

Skana ya kulaza inavunja migongo ya vitabu vilivyoshonwa. Kwa kitabu, tumia kamera au simu juu ya stendi, kitabu kikifunguliwa nyuzi 90 hadi 100 tu, kikiegemezwa mito 2 midogo ya bafta iliyojazwa pamba. Kamera ikae sambamba na ukurasa. Ukiona mistari inapanuka upande mmoja, imeinama. Taa 2 za LED zenye rangi moja, kushoto na kulia kwa nyuzi 45. Flashi izimwe, dirisha lifunikwe. Picha ya kwanza ya kila kipande iwe na rula, kadi ya rangi na namba.

Piga hesabu ya uwezo wa kamera kabla ya kuanza. Simu ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4000 kwa 3000. Ukurasa wa A4 una urefu wa inchi 11.7, kwa hiyo ukijaza fremu yote unapata nukta 340 hivi kwa inchi. Inatosha kwa maandishi. Ukipiga kurasa 2 kwa pamoja ili kuokoa muda, unashuka hadi 240, na zile nukta ndogo zinazotofautisha herufi zinaanza kuyeyuka. Piga ukurasa mmoja mmoja. Picha ndogo za studio zinahitaji nukta 600 kwa inchi, na kwa hizo skana ya kulaza inafaa.

Hifadhi asili ya kidijitali kama TIFF, aina ya faili ya picha, isiyobanwa. A4 ya rangi kwa nukta 400 ni takriban megabaiti 46, kurasa 200 ni zaidi ya gigabaiti 9. Nunua diski kwa hesabu hiyo. JPEG ni za kusomea. Usitume asili kama picha kwa WhatsApp halafu ukaihifadhi iliyopokelewa: programu inaibana na kuondoa taarifa za tarehe zilizomo ndani ya faili.

Kaseti

Kaseti haziwezi kungoja kama karatasi, kwa sababu mashine za kuzichezea zinakufa kabla yake. Kabla ya kucheza, vunja vile vishikio 2 vya plastiki vya juu ili isirekodiwe kwa bahati mbaya. Angalia kupitia dirisha lake: unga mweupe kwenye utepe ni ukungu, na kaseti hiyo isichezwe, itachafua mashine na kuambukiza nyingine. Angalia pia kile kipande cha sponji kilicho katikati ya mdomo wa kaseti. Kikidondoka sauti hufifia na kuyumba. Suluhisho ni kuhamishia utepe kwenye ganda jingine zima lenye skrubu.

Safisha kichwa cha kusomea na kijiti cha chuma kinachovuta utepe kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kila baada ya kaseti 5, au kila moja kama zinaacha masizi ya kahawia. Kirola cha mpira kifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, kwani alkoholi hukikausha. Kaseti iliyolala miaka 20 ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe, ili utepe ujifungue na kujipanga. Zile za dakika 120 zina utepe mwembamba mno. Zicheze mara moja tu, ukiwa umeanza kurekodi.

Sauti ikiwa imefifia kwenye nyembamba zake, kama inasikika nyuma ya blanketi, huenda pembe ya kichwa haikubaliani na mashine iliyorekodi. Geuza skrubu ndogo kando ya kichwa kwa bisibisi, robo ya mzunguko kwa wakati, mpaka herufi za s na sh zisikike wazi. Rekodi kwa WAV ya kilohezi 96, biti 24. Saa 1 ya stirio ni gigabaiti 2 hivi. Kama diski ni ndogo, kilohezi 48 ndicho kiwango cha chini. Usisafishe mlio wa utepe kwenye nakala ya asili, wala usikate kimya, wala kilio cha mtoto, wala mtu anayebisha hodi. Katika kaseti ya salamu hayo ndiyo nyumba yenyewe.

Karatasi ya ndani ya kaseti na maandishi ya ganda yapigwe picha, hata kama yamefutwa na kuandikwa upya mara 3.

Faili na nani aone nini

Jina la faili lifuate namba ya kipande, bila nafasi: SIU_03_02_014_0001.tif. Weka sifuri za mbele, la sivyo kompyuta itapanga 10 kabla ya 2. Nakala ziwe 3, kwenye aina 2 za vifaa, moja ikiwa mji mwingine. Mafuriko na moto havichagui diski. Kwa kila faili tengeneza alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika wote hata biti moja ikiharibika. Kila miezi 6 linganisha alama upya. Inayotofautiana, irudishie kutoka nakala nzima. Badilisha diski kila baada ya miaka 4 hivi, kabla haijaanza kulia.

Si kila kitu ni cha intaneti. Vitabu vya falaki na uganga, hirizi, hati za ardhi zenye mipaka inayogombewa, nasaba zinazobishaniwa, na nyimbo ambazo wanawake huimbiana wao kwa wao zina watu wake. Programu ya bure ya Mukurtu, iliyoanzia kwa Wawarumungu wa Tennant Creek, Australia, inaruhusu jamii kuweka masharti yake kwa kila kipande: hiki kwa wote, hiki kwa ukoo, hiki kwa wanawake, hiki kwa ruhusa ya mtu fulani. Ukikosa seva, safu moja ya «nani aone» kwenye jedwali inafanya kazi ile ile, mradi kila anayeshika diski anaiheshimu. Pale ambapo familia haijasema, jibu ni kufunga.

Siku ya kufunga kazi, acha nyumbani flashi yenye nakala zote za kusomea, na uonyeshe vijana jinsi ya kuifungua kwa simu. Pia chapisha orodha nzima kwa herufi kubwa za ukubwa wa 14, kila kipande na maelezo yake kama yalivyosemwa na wenyewe, na upande wa kushoto uache nafasi tupu ya sentimita 5. Iweke juu kabisa ndani ya kasha, pamoja na penseli iliyochongwa, ili shangazi atakayefungua siku ya Mfunguo Mosi aandike pale ulipokosea.